Mwaka Salehe Alipochora Ukutani

Sauda alizikwa Mzenga baada ya sala ya Ijumaa. Sisi wanawake tulibaki ndani, tumekaa mkekani, na wanaume waliporudi kutoka makaburini wakinawa mikono uani tukajua imekwisha. Mjukuu wake mmoja, msichana anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, akaja kukaa karibu yangu na kuniuliza kama ni kweli bibi yake alikuwa na kaka aliyesomea fizikia zamani za Waingereza. Alisema siku za mwisho bibi alikuwa akimtaja sana, lakini nyumba nzima ilidhani ni homa inayosema. Nikamwambia ni kweli. Akataka kujua alikuwa mtu wa namna gani. Nilifungua kinywa nikakosa pa kuanzia, maana kwa miaka mingi habari za Salehe nilizizungumza na mtu mmoja tu, naye ndiye tuliyetoka kumzika. Sasa nimerudi kwangu Visiga. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nakaa barazani na kuandika kidogo kidogo, ili yule msichana apate jibu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mimi, Tatu, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifundisha darasa la kwanza shule ya wasichana Kisarawe, na nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Mwajuma, mama yao Salehe na Sauda. Nyumba yake ilikuwa ya udongo uliopakwa chokaa, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba viwili kila upande, na uani palikuwa na jiko la makuti na kijumba kimoja cha pembeni alichowekea mihogo mikavu na mbegu. Mimi na Sauda tulilala kitanda kimoja. Alikuwa binti wa miaka kama kumi na minne, mwenye maneno mengi, na kila mgeni aliyekanyaga pale alisimuliwa habari za kaka yake aliyekuwa chuoni Uganda na ambaye sasa angepanda meli kwenda Ulaya kuongeza masomo. Salehe mwenyewe nilimkumbuka kama kijana mrefu mwenye kucheka kwa pua, aliyekuja likizo na kulala barazani akisoma mpaka chai yake inapoa. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na kwa desturi yetu tungeweza kuoana bila mtu kushangaa. Hilo lilikuwa likisemwa kwa utani jikoni, nami nilikuwa nikijifanya sisikii.

Shangazi aliita watu kwa ajili ya dua ya safari. Jirani zetu walikuja siku moja kabla kutwanga mpunga na kuchambua iliki, uani pakajaa sufuria za kuazima. Salehe tulimtarajia asubuhi ya dua yenyewe, lakini aliingia alasiri ile, peke yake, sanduku begani, wakati wale wanawake wamekwenda makwao kuoga. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na ukuta wa makuti haufichi neno. Nikamsikia akimwamkia mama yake, na mama yake akiitikia marahaba kwa sauti ya furaha. Kisha Salehe akasema, taratibu kabisa, "Mama, sisafiri tena. Wamenipiga picha ya kifua kule Dar es Salaam, wameona kina ugonjwa. Daktari amekataa kutia sahihi."

Shangazi hakulia. Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria mara kadhaa, kama mtu anayeendelea na kazi yake. Halafu akauliza, "Na watu nimeshawaita. Nifanye nini na watu?"

"Waache waje, Mama."

Wakaja. Mpaka leo nikisikia watu wanaombewa safari njema moyo wangu unarudi kwenye ukumbi ule. Salehe alikaa katikati, amevaa kanzu nyeupe aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, na walimu wa chuo cha Kurani wakamwombea avuke bahari salama, akutane na watu wema, arudi na elimu yenye manufaa. Kila walipofika mwisho wa dua alinyanyua viganja vyake akaitikia amina pamoja na wengine. Mzee mmoja aliyewahi kwenda vitani na kuona baridi ya nchi za mbali alimletea blanketi zito la sufu. Salehe alilipokea kwa mikono miwili na kumshukuru kwa maneno marefu. Pilau ikaliwa ikaisha. Katika watu wote wale tuliokuwa tukijua tulikuwa watatu, yeye, mama yake na mimi, na shangazi hakuwa na habari kwamba nami najua. Usiku ule Sauda aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni moshi.

Baada ya siku chache habari zilienea zenyewe, maana bwana afya wa boma alikuja nyumbani na maagizo yake. Mihogo na mbegu vikatolewa kwenye kijumba cha uani, ukutani pakatobolewa dirisha pana, na Salehe akahamia humo. Alitengewa kikombe chake, sahani yake na ndoo yake, na vyombo hivyo shangazi alivichemsha mwenyewe bila kumruhusu mtu mwingine kuvigusa. Waliokuwa wakija kuazima chumvi waliacha kuja. Mama mmoja alimwondoa binti yake darasani kwangu bila kuniambia kitu, nami nikaelewa. Chakula cha Salehe kilikuwa bora kuliko chetu: yai la kuchemsha asubuhi, maziwa yaliyoletwa na mtu wa Mzenga, mchuzi wa kuku siku ya Ijumaa. Sisi tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu na kumwangalia anavyoacha nusu ya sahani.

Nilitoka shule saa nane, na baada ya kula nilikuwa nachukua kigoda na kukaa nje ya dirisha lile. Shangazi alikubali kwa sharti kwamba nisivuke kizingiti. Mwanzoni tuliongea mambo ya kawaida, habari za watoto wangu wa darasani na nani kaolewa na nani. Lakini siku moja nilimkuta ameshika kalamu, na mbele yake karatasi iliyojaa mistari ambayo sikuielewa. Palikuwa na mistari minyoofu yenye mishale, na kati yake mstari uliopindapinda kama nyoka anayepita mchangani. Nikamuuliza anachora ramani ya wapi. Akacheka kwa pua, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akakohoa, kisha akaegemea dirishani na kunieleza.

Alisema vitu vyote, hata ukuta ule na mkono wangu, ndani yake mna chembe ndogo ambazo hakuna jicho litakaloziona. Chembe moja inaitwa elektroni. Mstari mnyoofu wenye mshale ni elektroni inayokwenda zake. Uliopindapinda ni mwanga. Elektroni mbili zinakaribiana, moja inatoa chembe ya mwanga, nyingine inaipokea, na zote mbili zinabadilisha njia. Michoro hiyo ilikuwa mipya kabisa duniani. Mwalimu wake mmoja Mzungu alirudi nayo kutoka likizo ya kwao, akawaonyesha wanafunzi wachache waliopenda. Zamani, alisema, hesabu ya jambo dogo kama lile ilijaza kurasa na mtu alipotea katikati. Sasa kila mstari na kila mahali mistari inapokutana pana namba yake, unausoma mchoro kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi wakati unavyokwenda, na hesabu inajiandika.

"Kwa hiyo hazigusani kamwe?" nikamuuliza.

"Hazigusani. Lakini hakuna inayotoka pale kama ilivyoingia."

Mimi kwa ujana wangu nikaanza kusema kwamba basi hata watu wako hivyo hivyo. Akanikatiza. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Alisema watu wakiona kitu kizuri hukimbilia kukigeuza mawaidha, na kwamba michoro ile si mawaidha wala si picha ya elektroni yenyewe, ni hesabu iliyopata umbo. Nimekaa na neno hilo maisha yangu yote, na hata sasa ninapoandika nalazimika kujizuia, maana ningependa sana kusema kwamba dirisha lile na sisi wawili tulikuwa kitu fulani. Tulikuwa Salehe na Tatu tu, yeye mgonjwa, mimi mzima, tukiongea alasiri.

Alitaka mambo yale yasemeke kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu miezi ile. Mahali mistari inapokutana tukapaita fundo, baada ya kubishana siku nzima kuhusu njia panda. Mwanga ukijigawa kuwa chembe mbili na chembe hizo zikarudi kuwa mwanga, umbo lake tuliliita kitanzi. Kilichotushinda kwa muda mrefu ni mshale unaoelekea kushoto, kinyume cha wakati. Salehe alieleza kwamba elektroni iliyochorwa ikirudi nyuma ni sawasawa na chembe nyingine, pacha wake mwenye chaji ya kinyume, anayekwenda mbele kama kawaida. Sauda, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni na kusikiliza kila kitu, akasema basi mwiteni mrejea. Tukamwita mrejea. Karatasi zilipoisha Salehe alichukua makaa ya jikoni akachora ukutani, juu ya chokaa, kuanzia kichwani pa kitanda mpaka mlangoni. Ukisimama dirishani ulikuwa unaona chumba kizima kimejaa mafundo na vitanzi, na yeye katikati yake, amekonda, macho makubwa, akieleza.

Michoro hiyo iliwatia watu hofu. Ilisemwa sokoni kwamba mtoto wa Bi Mwajuma amerudi na elimu ya majini na ndiyo inayomla kifua. Shangazi alimwita maalimu aliyemfundisha Salehe Kurani utotoni. Yule mzee aliingia kijumbani bila woga, akakaa kitandani kabisa, akaiangalia mistari kwa muda mrefu, akauliza maswali. Alipotoka aliwaambia waliokuwa barazani kwamba hakuna uchawi pale, ni hesabu, na kwamba mwenye kutaka kusema zaidi akasome kwanza. Kisha akamwandikia mgonjwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya mvua, Salehe akanywa. Alikunywa kila aliloandikiwa, na dawa za majani, na vidonge vya hospitali, bila kubagua. Lakini kufikia msimu wa upepo wa kusi alikuwa akikohoa damu, na shangazi alianza kuficha vitambaa chini ya ndoo asubuhi na mapema ili mimi na Sauda tusivione.

Alasiri moja nilirudi shule nikamkuta shangazi jikoni, amepiga magoti mbele ya sahani, kijiti mkononi, vidole vyekundu kwa zafarani. Aliingiwa na aibu aliponiona, kama mtoto. Akaniambia niingie, akaniambia niangalie kama imekaa sawa. Alikuwa amechora ule mchoro wa kwanza, wa elektroni mbili na mwanga kati yake. Alisema amemwandikia Salehe kila kitu kinachoandikwa na hakuna kilichosaidia, ila ameona kwamba mtoto wake akiwa na mistari ile anakaa wima, anasema, anacheka, hata kikohozi kinapungua. Labda ndani yake mna dawa ambayo sisi hatuijui. Hakuthubutu kumwomba maalimu. Na kwa kuwa yeye alijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, alianzia kulia kwenda kushoto, na mishale yote iliangalia upande ule. Nilimshikia birika ili amimine maji, lakini kabla tone halijagusa sahani akabadili mawazo, akaibeba hivyo hivyo kwenda nayo kijumbani, ili mwenyewe aione kwanza.

Nilibaki nje ya dirisha. Salehe alijiinua kwa kiwiko, akaipokea sahani, akaitazama. Niliogopa atasema kama alivyoniambia mimi, kwamba si mawaidha, wala si dawa. Aliifuata mishale kwa kidole mpaka shangazi akaanza kueleza kwamba kama amekosea ataifuta.

"Hujakosea, Mama," akasema. "Umechora wale warejea wawili. Ni sahihi kabisa. Hesabu yake inatoka."

"Kweli?"

"Kweli. Nipe maji."

Shangazi akamimina maji, akayazungusha mpaka yakawa ya manjano, na Salehe akanywa yote, kisha akamrudishia sahani na kumbusu mkono. Shangazi alitoka akipita karibu yangu bila kunitazama. Jioni ile alipika wali wa nazi kwa samaki, akaimba. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Wiki hiyo hiyo ujumbe ulitoka boma kwamba imepatikana nafasi ya kitanda katika hospitali ya kifua huko kaskazini, mbali sana, na kwamba kuna sindano mpya zinazosaidia baadhi ya wagonjwa. Shangazi alikataa. Hakumjua hata mtu mmoja aliyepelekwa huko akarudi. Salehe mwenyewe aliacha hata kuchora. Nikamfuata dirishani na kumwambia aende. Nilizungumza kwa ukali, maana niliogopa nikiongea kwa upole nitalia. Akaniuliza kama mimi ndiye ninayetaka aende. Nikasema nataka apone, na kwamba kabla hajaenda anioe, tuite mashahidi wawili na maalimu, basi, sitaki sherehe.

Nyuma yangu Sauda alikuwa akifukuza kuku kwenye mpunga.

"Sitaki wakuite mjane, Tatu," akasema.

"Waniite wanavyotaka."

"Mimi sitaki."

Sikuwahi kurudia ombi hilo, na yeye hakulitaja tena. Lakini alikubali kwenda. Aliondoka na lori la mfanyabiashara wa korosho hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo basi la kaskazini. Safari hii shangazi hakuita watu. Alisema hawezi kuwaita mara mbili kwa jambo moja. Tulisimama barabarani watatu, na Salehe akapandishwa nyuma juu ya magunia kwa kuwa dereva hakumtaka mbele. Alikuwa amejifunika lile blanketi la sufu ingawa jua lilikuwa linawaka. Lori lilipoanza kuteremka mlima alinyanyua mkono, kisha ikambidi aushushe ili ajishike.

Tulipata salamu zake mara moja tu. Alimwandikia Sauda kwamba baridi ni kali, kwamba wauguzi ni watu wazuri, na kwamba kutoka kitandani kwake anauona mlima wenye theluji kila asubuhi mawingu yakiondoka. "Mwambie Mama nimeiona theluji bila kwenda Ulaya," aliandika. Shangazi alitaka asomewe sentensi hiyo tena na tena. Halafu, wakati wa mvua za vuli, tarishi wa boma akaja na simu ya maandishi. Alikuwa kijana tuliyemjua. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia kabla hajafika barazani, na shangazi akamwambia asisome, anajua. Salehe alikwisha kuzikwa huko huko siku mbili nyuma. Shangazi hakuwahi kuliona kaburi lake. Alitandika mkeka ukumbini, akakaa matanga bila maiti, na watu walioacha kuja kuazima chumvi walikuja wote.

Baada ya matanga bwana afya alirudi na ndoo za chokaa na kibarua wake, maana sheria ilikuwa kwamba chumba cha mgonjwa wa namna ile lazima kisuguliwe na kupakwa upya. Sauda akasimama mlangoni akakataa kumpisha. Alimwambia bwana afya kwamba ukuta ule ni kazi ya kaka yake, na kwamba haijaisha. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alisubiri nje juani, amekaa kwenye baiskeli yake, mpaka shangazi alipokuja kumwondoa Sauda kwa mkono. Kibarua alianzia mlangoni. Mimi nilitazama mpaka alipofika kichwani pa kitanda, nikaenda kuchota maji.

Mwisho wa mwaka huo niliposwa. Mtu mwenyewe alikuwa mwema, mkulima na mwenye duka dogo Visiga, na nyumbani hawakuona sababu ya kukataa, wala mimi sikuwa nayo ya kutamka. Siku nilipoondoka nyumbani kwa shangazi, Sauda alinikumbatia hakutaka kuniachia. Shangazi alinisindikiza mwenyewe mpaka barabarani, amebeba mkoba wangu kichwani kama mimi ndiye mgeni. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule. Tulipofika akautua mkoba, akanifunga kanga vizuri kama alivyokuwa akinifunga nilipokuwa mdogo, akanivuta karibu na kuzungumza kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu.

"Huko uendako, usiwaambie kwamba nyumbani kwetu palikuwa na mgonjwa wa kifua," akasema. "Watakurudisha. Au watakutengea kikombe. Usimtaje kabisa, mwanangu. Mimi nitamtaja kwa niaba yetu sote."

Nikamjibu, "Ndiyo, Shangazi."

Gari likaja nikapanda. Niliishi na mume wangu miaka arobaini na zaidi, tukazaa, tukazika, tukajenga, akanipenda nami nikampenda. Alifariki bila kulisikia jina la Salehe.